Kicheko Kinamwangukia Nani?

Msomaji wangu kijana, kicheko ni mali ya kila mtu, walakini si kila kicheko ni halali. Kiko kicheko kinachomfumbua mtu macho akaona upumbavu wake mwenyewe, akautubu. Na kiko kicheko kinachomtia mwenzetu jeraha kisha kikaenda zake bila kutazama nyuma. Wahenga waliijua tofauti hiyo waliponena kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika. Katika insha hii nakusudia kukuonyesha picha chache za kejeli zilizochongwa na kuchapishwa Uingereza katika karne ya 18, kuziweka kando ya hadithi moja uliyoisikia tangu utotoni, kisha kuzileta zote nyumbani kwetu Gusii, tuzipime. Kipimo nitakachokitumia ni swali moja tu: kicheko cha picha hii kinamwangukia nani?

Nafundisha katika chuo cha ualimu. Kutoka dirisha la darasa langu huonekana mashamba ya chai na migomba, yamegawanywa na kugawanywa tena baina ya ndugu hata mengine yamebaki mapana kama kiwanja cha nyumba tu. Upande wa kusini, safari isiyo ndefu, ndiko Tabaka, ambako watu wetu huchonga mawe ya sabuni. Kama umepata kumtazama mchongaji wa Tabaka akifanya kazi, umekwisha kufahamu nusu ya habari ninayotaka kukueleza. Yeye hulichukua jiwe laini, akaliondolea kisichotakiwa, na kosa moja la mkono haliwezi kurudishwa. Mchonga nakshi wa London naye alifanya hivyo hivyo, ila jiwe lake lilikuwa bamba la shaba.

Bamba hilo lilisuguliwa likang'aa kama kioo. Fundi alichimba mistari juu yake kwa chuma chenye ncha kali. Au alilipaka nta, akachora katika nta kwa sindano, kisha akalitia bamba katika tindikali, nayo ikaila shaba mahali palipofunuliwa na sindano. Baada ya hapo alishindilia wino katika mistari, akaufuta uso wa bamba ukawa safi, akaweka juu yake karatasi iliyoloweshwa, na kuvipitisha vyote viwili kati ya magogo mawili mazito ya mtambo. Karatasi ilipobanduliwa, picha ilionekana imegeuka: mkono wa kulia umekuwa wa kushoto. Kwa hiyo fundi alipaswa kufikiri kinyume tangu mwanzo. Faida yake ilikuwa kwamba bamba moja liliweza kutoa mamia ya nakala, na picha iliyotundikwa katika dirisha la duka ilisomwa hata na mtu asiyejua herufi moja.

Bingwa wa kazi hiyo alikuwa William Hogarth, aliyezaliwa London mwaka 1697. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kilatini ambaye biashara ilimshinda akafungwa kwa sababu ya madeni. Kwa hiyo mtoto aliijua aibu ya fukara kabla hajaijua sanaa. Akiwa kijana alijifunza kuchora nakshi katika vyombo vya fedha, kisha akaingia katika uchoraji wa vitabu na picha za kuuzwa mojamoja. Kazi zake zilipopendwa, wezi wa picha walizinakili na kuziuza kwa bei rahisi. Yeye na wenziwe wakapeleka malalamiko Bungeni, na mwaka 1735 ikapitishwa sheria iliyompa mchonga picha haki ya kazi yake kwa muda wa miaka 14. Ukimsikia mchoraji wa leo akidai haki ya jasho lake, kumbuka kwamba madai hayo yana umri mkubwa.

Na tuanze na kitabu. Mwaka 1726 Hogarth alitoa picha kubwa 12 za utenzi wa kuchekesha uitwao Hudibras, uliotungwa na Samuel Butler na kuanza kuchapishwa katika karne iliyotangulia. Hudibras ni shujaa wa maneno tu. Ana upanga, ana dini mdomoni, na ana tumbo kubwa kuliko imani yake. Anamtamani mjane mmoja mwenye mali, na kwa kuwa hajui kama atakubaliwa, anakwenda kwa mnajimu aitwaye Sidrophel kuulizia bahati. Ziara hiyo inaishia katika kupigana, na mojawapo ya picha za Hogarth yaonyesha shujaa akimtwanga mnajimu na mtumishi wake kati ya vifaa vya uaguzi.

Tazama kazi ya picha ndani ya kitabu. Picha dhaifu huyarudia maneno, kama mwanafunzi anayenakili ubaoni pasipo kufikiri. Picha ya Hogarth huyatolea maneno ushahidi. Mtungaji anatwambia kwamba mtu huyu ni mnafiki. Mchoraji anatuonyesha mgongo wake, tumbo lake, na jinsi anavyoushika upanga. Nacho kicheko kinawaangukia wawili waliostahili: mwaguzi anayeuza uongo, na bwana mkubwa anayejiita mcha Mungu ilhali usiku anakwenda kuununua. Hapo sina la kumlaumu fundi. Nani kati yetu hamfahamu mtu wa namna hiyo, mwenye kiti cha mbele siku ya ibada na njia ya nyuma siku ya shida?

Picha ya pili ni ngumu zaidi. Mwaka huo huo wa 1726, katika mji mdogo wa Godalming, mwanamke maskini jina lake Mary Toft, mke wa mfanyakazi wa nguo, alitoa habari kwamba anazaa sungura. Usicheke upesi. Waliomsadiki hawakuwa wachunga ng'ombe. Alikuwamo Nathaniel St André, mpasuaji wa nyumba ya Mfalme George wa Kwanza, ambaye alikwenda, akatazama, akasadiki, akaandika kitabu kuutangazia ulimwengu. Mwanamke yule akaletwa London, watu wakasongamana kumwona. Mwezi wa Desemba aliungama kwamba ilikuwa hila: vipande vya wanyama vilifichwa mwilini mwake. Akatiwa kifungoni, na mwaka uliofuata akaachiliwa bila kuhukumiwa.

Hogarth hakupoteza wakati. Kabla mwaka haujaisha alichapisha picha ya mkutano wa wenye hekima. Mary yumo kitandani akijinyonganyonga, sungura wanarukaruka sakafuni, na mabwana waliosoma wamemzunguka kila mmoja na mastaajabu yake. St André ameshika fidla kwapani, kwa maana kabla ya kuitwa tabibu alikuwa amepata kufundisha kucheza dansi. Mlangoni bwana mmoja anamkataa sungura aliyeletwa kwa siri, kwa kuwa ni mkubwa mno kwa hila yenyewe. Ni picha ya kuchekesha sana, na makali yake yote yamo katika nyuso za mabwana wale: wamejifunza mengi, lakini hawajajifunza kuuliza.

Sasa iweke picha hiyo kando ya hadithi ya Abunuwasi, ambayo imetembea kutoka pwani hadi bara mpaka ikawa yetu sote. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani. Alipoirudisha alitia ndani yake sufuria ndogo, akasema, "Sufuria yako imezaa." Jirani akafurahi, akapokea mama na mtoto bila swali. Siku nyingine Abunuwasi akaazima tena, na safari hii hakurudisha kitu. Alipodaiwa akajibu, "Sufuria yako imekufa." Jirani akapiga kelele kwamba sufuria haiwezi kufa; na jibu unalijua: aliyekubali kwamba inazaa hana budi kukubali kwamba inakufa.

Mwanamke azaa sungura. Sufuria yazaa sufuria. Habari mbili hizi zilizaliwa mbali mbali, walakini zina mzizi mmoja. Jirani wa Abunuwasi hakusadiki kwa kuwa ni mjinga; alisadiki kwa kuwa kusadiki kulimletea sufuria ya bure. Tabibu wa mfalme hakusadiki kwa kukosa elimu. Alisadiki kwa kuwa ajabu ile ingempa jina. Haya ndiyo mafundisho makubwa ya kejeli: mtu husadiki jambo kwa urahisi zaidi linapomfaa. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini uongo umekubaliwa mahali fulani, usiulize tu nani aliusema. Uliza pia nani alipata faida.

Lakini iko tofauti baina ya habari hizi mbili, na juu ya tofauti hiyo ndipo ninaposimama kumhukumu Hogarth. Sufuria haina moyo. Ukiisimulia hadithi ya Abunuwasi mara elfu, hakuna mnyonge anayelia. Mary Toft alikuwa mtu. Mwaka ule ule, kabla ya hila yake, alikuwa ameharibikiwa na mimba. Alikuwa fukara, na haikosi walikuwapo watu waliotarajia kupata fedha kwa mgongo wake. Katika picha ya 1726 kicheko kimegawanyika: sehemu kubwa inawaangukia mabwana, sehemu ndogo inamwangukia yeye. Naweza kumsamehe fundi. Siwezi kumsamehe upesi kwa alilofanya miaka 36 baadaye.

Mwaka 1762, Hogarth akiwa mzee, alichapisha picha ya kanisa lililojaa wendawazimu wa imani za uongo. Mhubiri amesimama mimbarini akipunga vikaragosi, kimoja cha mchawi juu ya ufagio na kingine cha shetani. Nywele zake za bandia zinamtoka kichwani. Waumini wanapiga mayowe, na pembeni kipo kipimajoto kinachopima si joto la hewa bali joto la vichwa vyao. Dirishani, Mwislamu mmoja mgeni anatazama ndani akivuta kiko chake kwa utulivu, akiwastaajabia watu wanaojiita wastaarabu. Hadi hapo fundi yuko katika haki yake. Uchawi ulikuwa umeondolewa katika makosa ya jinai ya Uingereza kwa sheria ya mwaka 1735, na hata hivyo mwaka 1751, huko Tring, kundi la watu lilimtosa majini mwanamke mzee, Ruth Osborne, kwa tuhuma za uchawi, akafa. Kiongozi wa kundi lile alinyongwa. Palikuwa na haja kubwa ya kuwacheka wanaowachochea watu kwa vikaragosi.

Lakini tazama sakafuni mwa picha hiyo. Yupo mwanamke amelala, na sungura wanamtoka. Ni Mary Toft tena. Alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 1763. Mabwana waliomzunguka wametoweka, fidla ya tabibu haipo, na lililobaki la kuchekwa ni mwili wake peke yake. Kicheko kilichokuwa kimepanda juu kimeshuka chini, kikatua juu ya mnyonge. Hilo ni kosa la maadili, na mimi nasema ni kosa la sanaa pia, kwa sababu picha imesahau ilikuwa ikimtuhumu nani.

Pengine utauliza, mwalimu, mambo ya London ya miaka ile yanatuhusu nini? Yanatuhusu mno. Mwezi wa Mei mwaka 2008, katika Kisii yetu hii, watu 11 waliuawa kwa moto kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Hayo hayakutokea kwa kukosa sheria: sheria ya uchawi ya mwaka 1925 ilikwisha kufanya kumtuhumu jirani ovyo kuwa mchawi kuwa kosa. Wala hayakutokea kwa kukosa shule, maana Gusii ina shule nyingi na watu wake wanaheshimu elimu. Yalitokea kwa kuwa kundi la watu lilisadiki, wala hakutokea wa kutosha kuuliza swali. Wengine hujitetea kwa methali kwamba lisemwalo lipo. Methali hiyo, ikitumiwa mahali pasipo pake, ni njiti ya kiberiti.

Mwaka mmoja niliwaonyesha wanachuo wangu picha ya 1762. Walicheka, nami nilifurahi kwamba somo limeingia. Msichana mmoja aliyeketi nyuma hakucheka. Akainua mkono, akasema, "Mwalimu, huyu mama aliye chini, wanamchekea nini?" Nilimjibu kwa maneno mengi juu ya historia ya Uingereza, na majibu marefu aghalabu ni dalili ya kutojua. Baada ya kipindi alinifuata akanieleza kwa sauti ya chini kwamba nyanya yake alihama nyumbani kwake usiku, akiwa na mfuko mmoja, kwa kuwa jina lake lilikuwa limeanza kutajwatajwa. Hakurudi tena kulima shamba lake.

Wiki iliyofuata kila mwanachuo alileta picha aliyoichonga katika kipande cha linolea na kuipiga chapa. Wengi walichora wachawi: vizee wenye kucha ndefu, bundi na vibuyu. Msichana yule alichora ua wa nyumba. Kizee ameketi akichambua chinsaga, ametupa mgongo, uso wake hauonekani. Nje ya ua wamesimama majirani watatu. Wa kwanza ameshika kitabu cha nyimbo, kimeinuliwa juu chini. Wa pili ameziba masikio kwa vidole, ilhali mdomo wake umefunguka kwa kusema. Wa tatu hamtazami kizee kabisa. Ameshika kamba, anapima shamba.

Darasa lilicheka walipomwona mwenye kitabu. Walicheka zaidi walipomwona mwenye masikio yaliyozibwa. Walipofika kwenye kamba walinyamaza. Nami nikafahamu kwamba somo nililolikosea wiki iliyopita lilikuwa limefundishwa na mwingine. Msichana yule hakuwa na ufundi wa Hogarth. Mikono ya watu wake ilikuwa mikubwa kuliko vichwa vyao. Lakini alijua jambo ambalo Hogarth alilisahau uzeeni: alijua mahali pa kukiangushia kicheko. Kizee hakuchekwa. Waliochekwa ni wale wenye faida ya kusadiki.

Ni kweli kwamba kumchora mwenye nguvu kuna gharama. Katika Afrika Mashariki tunao mfano wa Godfrey Mwampembwa, aitwaye Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Mwaka 1996 alimtoa Abunuwasi katika kitabu cha vibonzo kilichochapishwa na Sasa Sema ya Nairobi, na kwa miaka mingi aliwachora watawala katika magazeti bila kuwapunguzia pua wala tumbo. Januari mwaka 2015 picha yake ya Rais Jakaya Kikwete katika gazeti la The EastAfrican ilileta ghadhabu upande wa Tanzania. Na mwaka 2016 alipewa tuzo ya wachoraji huko Geneva. Fikiri basi: anayemchora mwenye nguvu hulipa gharama mwenyewe, lakini anayemchora mnyonge humwachia mnyonge alipe. Hii ni njia nyepesi ya kumpima mchoraji shujaa na mchoraji mwoga, hata kama wote wawili wana mkono hodari.

Msomaji wangu, kila siku utaletewa picha za kuchekesha, kitabuni, gazetini na katika simu ya mkononi. Sikukatazi kucheka. Nakuomba ufanye mambo matatu kabla kicheko hakijakwisha mdomoni. Kwanza, mtafute katika picha yule aliye chini kabisa, umtazame usoni, ujue kama amewekwa pale achekwe au aonewe huruma. Pili, mtafute mwenye faida, yaani mwenye sufuria mbili au mwenye kamba. Kama hayumo, uliza mchoraji amemficha wapi, na kwa nini. Tatu, jitafute mwenyewe. Katika picha nyingi za kejeli iko nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili ya mtazamaji, ama dirishani pamoja na yule mgeni mtulivu, ama miongoni mwa wanaopiga mayowe.

Picha ya msichana yule ningali nayo. Imebandikwa ukutani mwa darasa langu, na karatasi imeanza kuwa manjano. Wanachuo wapya huiuliza kila mwaka, nami siku hizi siwapi jibu refu. Huwaambia waitazame kamba.